Skrini ya Tatu

Mshale wa kompyuta ulipotelea kulia. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza, na lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba mtu mwingine angelipuuza akaenda zake kuchemsha chai.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na mama mwenye nyumba alikuwa mezani pake akinakili kikao cha wafugaji wa kuku. Hiyo ndiyo kazi yake. Watu hurekodi vikao, mahojiano na mabishano yao, humtumia sauti, naye huvaa hedifoni, hukanyaga pedali ya kusimamisha na kurudisha, na huandika kila neno, hata yale ambayo wenyewe wangependa yasiandikwe. Wateja walimwita Masikio. Mumewe alilichukua jina hilo akalifanya la kwake, na kwa miaka mingi hakumwita vingine.

Basi Masikio alisukuma kipanya ili apunguze sauti ya tamthilia iliyokuwa ikionyeshwa kwenye skrini ya pili. Mshale ukavuka kutoka skrini ya kushoto kwenda ya kulia kama kawaida, ukafika ukingoni, na badala ya kugota pale ukaendelea. Ukatoka. Akauvuta kurudi, mara ya kwanza, mara ya pili, hola. Kisha, mkono wake ukiwa umetulia mezani, mshale ukarudi wenyewe, taratibu, kutoka upande ule wa kulia ambako hapakuwa na skrini yoyote. Palikuwa na kitanda kitupu.

Kitanda kilikuwa cha mumewe, na mpango wa skrini mbili ulikuwa wake pia. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na watu wote walimwita Fundi, mpaka mgongo ulipomsaliti na miguu ikafuata. Alilala miaka miwili. Kitanda kililetwa kwenye chumba cha kazi ili mkewe aweze kuchapa na kumwangalia kwa pamoja. Siku moja alisema amechoka kuhesabu nyufa za dari wakati mwenzake anakodolea kioo kutwa. Wakatoa skrini kuukuu kwenye karakana yake, Fundi akaelekeza kutoka kitandani: shika waya huo, sio huo, ule mwingine, jamani Masikio, una masikio makubwa lakini husikii.

“Kompyuta haina akili kama unavyodhani,” alimwambia siku hiyo. “Haijui skrini zimekaaje mezani. Wewe ndiye unayeiambia, hii kushoto, hii kulia. Ukiidanganya inakubali.”

Ya kushoto ikawa ya kazi. Ya kulia ikageuzwa kuelekea kitandani, ikawa televisheni ya mgonjwa. Kila asubuhi, akishampa chai na kumgeuza ubavu, Masikio aliiwasha na kusema kwa mbwembwe, “Haya bwana mkubwa, karibu! Leo utaangalia nini?” Naye Fundi alichagua tamthilia mbovu kuliko zote, ile ya mama mkwe mwenye roho mbaya, akaicheka mpaka akakohoa.

Fundi alifariki. Miezi mitano ilipita. Mazoea hayakufariki. Kila asubuhi Masikio aliwasha skrini ya kulia, akaielekeza kwenye godoro lililobaki na bonde la mwili wa mtu, akasema maneno yaleyale: “Haya bwana mkubwa, karibu. Leo utaangalia nini?” Kisha akavaa hedifoni na kuanza kazi. Usimcheke. Wako wanaoendelea kupika kwa ajili ya watu wawili.

Ndiyo maana mshale ulipopotea hakwenda kuchemsha chai. Alifungua mipangilio ya skrini, pale alipofundishwa. Siku zote palikuwa na visanduku viwili bega kwa bega, kimoja kimeandikwa 1, kingine 2. Asubuhi ile vilikuwa vitatu. Cha tatu kilikuwa kulia kabisa, kirefu, kimeshuka chini kidogo, na yeye aliyemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kwa miaka miwili hakuhitaji futi kujua kimekaa wapi. Urefu ule ulikuwa wa kitanda.

Jioni binti yao alirudi kutoka kazini. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na kila siku alikwenda na kurudi kwa baiskeli.

“Kompyuta imeota skrini ya tatu,” mama akamwambia.

“Izime, uiwashe.”

“Nimeizima mara nne.”

“Mama, hiyo kompyuta ni mzee. Mimi nikifika umri wake nitaona hata skrini kumi.” Binti akavua viatu, akacheka, kisha akaacha kucheka. “Na kitanda je? Tulisema tutakitoa.”

“Tutakitoa.”

“Lini?”

“Fundi hayupo, kitanda kinakukera nini?”

Hivyo ndivyo alivyosema siku zote, hayupo, kama vile mwenzake ametoka kidogo kununua waya. Lile neno jingine hakulitamka hata siku ya mazishi. Binti alimtazama, akaona bora yaishe.

Kesho yake, saa nane mchana, Masikio alifanya jambo ambalo mimi nisingelifanya. Alishika dirisha la tamthilia kwa mshale, akaliburuta kulia, akalipitisha ukingoni, akaliachia. Skrini ya pili ikabaki tupu. Sauti ya tamthilia haikukoma, ila ilihama. Ilitoka kwenye spika za mezani ikaenda kule kitandani, kwenye mto, ndogo, iliyozibwa, kama redio chini ya blanketi. Mama mkwe wa kwenye tamthilia alikuwa akimgombeza mtu. Halafu mtu akacheka.

Masikio alivua hedifoni. Miaka kumi na tisa amekula kwa kutambua sauti za watu, na angeweza kutofautisha ndugu wawili kwa jinsi wanavyovuta pumzi. Kicheko kile kilianza na pumzi tatu fupi za puani, kikapasuka, kikaishia kwenye kikohozi. Kilikuwa cha mumewe.

“Fundi?” aliuliza kwa sauti ya chini.

Chaga za kitanda zililia kidogo, zile za upande wa ukutani, na chumba kikajaa harufu ya lehemu, ile risasi ambayo mafundi huiyeyusha kuungia waya, harufu iliyokuwa kwenye mashati ya Fundi tangu siku ya kwanza walipojuana. Alitakiwa akimbie. Miguu yake yenyewe ilitaka mlango. Lakini alikaa. Aliinamisha kichwa juu ya kibodi akalia, na kilio kile kilikuwa cha furaha, kisha akafuta macho na kuendelea na kikao cha wafugaji wa kuku, kwa sababu kilitakiwa kufika kabla ya saa kumi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano hakuwa peke yake chumbani.

Kwa wiki nzima aliburuta tamthilia asubuhi na mchana, na kila siku kicheko kilikuja. Alianza kuchana nywele kabla ya kukaa mezani. Alianza hata kusimulia, huku akichapa, habari za majirani na bei ya vitu, na chaga zilimwitikia. Binti alimsikia mara moja kutoka uani akauliza anaongea na nani. Akasema anaongea na mteja.

Kisha kitu cha kitandani kilichoka na tamthilia. Dirisha lilirudishwa, akalipeleka, likarudishwa tena, sawasawa na mtu anavyosukuma sahani asiyoitaka. Alijaribu mpira, akajaribu taarifa ya habari. Vikarudi. Harufu ya lehemu ilikuwa imeanza kugeuka, na chini yake kulikuwa na nyingine, ya maji yaliyokaa siku nyingi kwenye chombo kilichofunikwa. Siku ile akaanza kuomba msamaha bila kujua kosa lake.

“Unataka nini, baba? Niambie basi unataka nini.”

Mshale ukasogea. Hakuwa ameugusa. Ulitoka kulia, ukakatiza skrini ya pili, ukaingia ya kwanza, ukashuka mpaka kwenye jalada lililokuwa kwenye kona, ukatulia hapo. Ndani ya jalada lile mlikuwa na video kumi na moja za Fundi akiwa hai. Hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Kumi alizipiga Masikio mwenyewe kwa simu yake, na ndani yake walikuwamo Fundi na binti: Fundi anamfundisha binti baiskeli, Fundi anamsuka nywele vibaya, Fundi na binti wanafungua redio na kushindwa kuifunga. Yeye hakuonekana kwenye hata moja, kwa kuwa ndiye aliyeshika simu. Ya kumi na moja ilipigwa na binti, nayo ilikuwa ya siku ile Masikio na Fundi walipounganisha skrini.

Akaburuta ya baiskeli. Ikavuka, ikaenda. Kule kwenye mto wa kitanda zikasikika kelele za mtaa, kengele ya baiskeli, na sauti ya mtoto wa miaka saba akipiga makelele usiniachie, usiniachie, na kicheko kikaja, kirefu kuliko vyote vya wiki nzima, na mwisho wake, kwa mara ya kwanza, likaja neno.

“Masikio,” kikasema. “Nyingine.”

Video iliporudi aliifungua. Mtaa ulikuwa uleule, na jua lilelile. Binti wa miaka saba alikuwa juu ya baiskeli inayoyumba, amegeuza shingo nyuma, anamchekea kwa furaha mtu ambaye hakuwapo. Tandiko halikushikwa na mkono wowote, na baiskeli ilikuwa imesimama yenyewe.

Aliifunga haraka, akajiambia kuwa ni hitilafu. Tusidanganyane, alijua kuna kinacholiwa. Ila alidhani kinacholiwa ni mali yake, na mtu akiwa na njaa ya namna ile huona si kitu kujikata nyama yake mwenyewe akala. Kesho yake akapeleka ya pili. Keshokutwa ya tatu. Kila siku moja, na kila siku alipata sentensi moja au mbili za sauti ya mumewe, na kwa siku kumi hakuna mwanamke aliyekuwa na furaha ya kutisha kama yake.

Siku ya kumi na moja binti alirudi nyumbani akichechemea, goti linavuja damu, anaikokota baiskeli kwa mkono.

“Umegongwa?” mama akaruka kutoka kitini.

“Nani agongwe. Nimeanguka.” Binti alikuwa akicheka huku akifuta damu ya goti kwa kiganja. “Mama, utanicheka. Nimepanda baiskeli, nimeanguka. Nikapanda tena, nikaanguka tena. Watu wananiangalia. Sijui kuendesha baiskeli, mama. Yaani mwili haujui. Imewezekanaje wakati asubuhi nimekwenda nayo kazini? Au sikwenda nayo? Nakumbuka niliikokota, na jana pia, na wiki yote hii.”

Masikio akaitwaa baiskeli, akaiegemeza ukutani.

“Nani alikufundisha baiskeli?” aliuliza.

“Sijui. Si ndiyo nakwambia.”

“Siku ile ulipovaa gauni la njano, ukasukwa nywele zikaenda upande mmoja, unakumbuka?”

“Gauni gani?”

“Redio mliyoifungua uani. Skrubu zikabaki mbili. Mlizifukia mimi nisizione.”

“Mimi na nani?”

Mama akakaa chini sakafuni, polepole. Binti akasahau goti lake. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega.

“Mama, unanitisha. Mimi na nani?”

“Na baba yako.”

“Baba?” Binti akaanza kutafuta. Unaweza kumwona mtu akitafuta kitu kichwani mwake, macho yakihama huku na huku kwenye chumba ambacho anakijua, na kila mlango anaoufungua anakuta ukuta. “Baba nakumbuka kitanda,” akasema hatimaye. “Nakumbuka dawa, na zile shuka, na wewe ukimgeuza. Kabla ya hapo... Mama, kabla ya hapo alikuwa wapi?”

Basi akamwambia. Alimwambia yote palepale sakafuni, mshale, kicheko, video kumi, na kwamba alidhani anatoa vyake. Hakujitetea. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo mama yake bado anayasikia akiwa anaosha vyombo.

“Umemgawa baba yangu.”

“Mwanangu.”

“Hukuniuliza. Ulikuwa na mumeo mchana kutwa, na mimi niko kazini, na hukuniuliza.”

Aliyewasaidia alikuwa mwanamume wa makamo aliyeshona magodoro kwa kazi yake ya kila siku, na watu walijua, bila kutangaza, kwamba akiitwa kwa jambo jingine huja pia. Walimwita Mshona Magodoro, wakaishia hapo. Alifika mchana wa siku iliyofuata, futi ya kupimia ikining’inia shingoni, na mfuko wenye sindano ndefu na uzi wa katani. Hakutikisa kichwa wala kufumba macho. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaweka kiganja kwenye bonde la godoro, akakiondoa upesi.

“Lina joto,” alisema. “Mgonjwa alitoka lini?”

“Miezi mitano na nusu,” binti akajibu.

“Kilikuja chenyewe, au kuna aliyekiita?”

Mama akasema hakumwita mtu. Mshona Magodoro akamwomba asimulie asubuhi zake zinavyoanza, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye yale maneno yake ya kila siku alimnyooshea mkono anyamaze.

“Hapo hapo, mama. Unawasha, unakielekezea kitanda, unasema karibu. Kwa nani?”

“Kwa mume wangu.”

“Ulitaja jina?”

Hakuwa ametaja. Angetajaje? Nani hutaja jina la mumewe akimkaribisha chai?

“Viko vitu havina kwao,” yule mtu akasema kwa upole. “Vinapita tu, mlango hadi mlango. Wewe miezi mitano umesimama ukikaribisha kitanda kitupu. Kikaja kimoja, kikalala. Na kwa kuwa ulitaka mumeo, kikajifunza kuwa mumeo. Chakula chake ni kile kilichomo kwenye zile picha, na kumbukumbu za waliomo pia. Wewe humo hukuwamo, ndiyo maana hujapungukiwa.”

“Kinaweza kurudisha?” binti akauliza.

“Hakirudishi, mwanangu. Kikila kimekula. Tunachoweza ni kukitoa kabla hakijamaliza.” Akatunga uzi kwenye sindano. “Mama ndiye aliyekikaribisha, mama ndiye atakayekiondoa. Mimi nitalishona hili bonde. Kila mshono nitakaopiga, yeye anasema neno lake. Binti, kaa mezani, utuambie kisanduku cha tatu kinafanya nini.”

Sindano ilipochoma kitambaa mara ya kwanza chaga zote za kitanda zililia kwa pamoja, na harufu ya maji yaliyolala ikapanda mpaka binti akaziba pua kwa kanga ya mama yake.

“Sema mwenye kitanda yuko wapi.”

“Hayupo,” mama akasema.

“Hilo silo. Hata aliyekwenda dukani hayupo.”

Mama akaupangusa mto kwa kiganja, kana kwamba una vumbi.

“Mama, kinasogea,” binti akanong’ona kutoka mezani. “Kisanduku. Kimetoka kule, kinakuja kushoto. Kimefika juu ya cha pili.”

Mshona Magodoro akamwambia mama achomoe skrini ya kulia kwa mkono wake, naye akanyoosha mkono nyuma ya meza na kuuvuta waya wa umeme mpaka ukaning’inia, na skrini haikuzimika, bali ilipauka, ikatulia, na ndani yake kikaonekana chumba kilekile walichokuwamo, dirisha lilelile na jua lilelile la mchana, ila kilionekana kutoka kitandani, kutoka chini, kama anavyokiona mtu aliyelala chali, na ndani ya chumba hicho walikuwamo wao watatu, yule mtu ameinama na sindano, na mama ameshika waya uliokufa, na binti mezani amewapa mgongo, na yule aliyekuwa akitazama, yeyote aliyekuwa, aliacha kuwatazama wawili wa kwanza akabaki anamtazama binti, na picha ikaanza kumsogelea.

“Masikio,” sauti ya Fundi ikasema. “Mwambie aache sindano.”

Binti akageuka. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu ilipozikwa.

“Kuna moja umenificha,” sauti ikaendelea, ya taratibu, ya mtu anayeongea na mkewe wakiwa wawili. “Ile ya skrini. Nipe hiyo, nami nitamrudishia mtoto zake zote kumi.”

“Kinadanganya,” Mshona Magodoro akasema bila kuinua kichwa.

Lakini mama alikwisha fika mezani. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, mshale juu ya video ya kumi na moja, ile pekee aliyokuwamo yeye na mumewe, na machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kibodi. Angeitoa. Angetoa kila siku aliyoishi na mtu yule ili mwanawe apate japo baiskeli. Binti akaweka kiganja juu ya mkono wake, akaukandamiza mezani.

“Mama, usiipeleke.”

“Labda kitakurudishia.”

“Na kisiporudisha? Ukimsahau na wewe, nitamuuliza nani?”

Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono. Kule kitandani sauti ilibadilika, ikawa ile ya mwezi wa mwisho, nyembamba, ya mtu anayeona haya kusumbua.

“Mgongo, Masikio. Unawaka. Nigeuze.”

Hapo ndipo karibu ashindwe. Wewe usiyewahi kuuguza hutalijua hilo. Kwa miaka miwili neno lile lilimwamsha usingizini, likamtoa kwenye chakula, likamtoa kazini katikati ya sentensi, na mikono yake ilikuwa imezoea kuinuka kabla hata hajafikiri, mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, moja, mbili, tatu, haya baba, na sasa mikono ileile iliinuka yenyewe mbele yake, ikabaki hewani, na sauti ikaendelea kumwomba, nigeuze, nigeuze mara moja tu, nawe uliahidi, na ni kweli aliahidi.

Akajishika mikono. Akaikumbatia kifuani.

“Mume wangu amekufa,” alisema.

Mshono ukapita. Sauti ikakatika.

“Tena,” yule mtu akasema.

“Mume wangu amekufa. Nilimwosha uso mwenyewe. Kitanda hiki hakina mtu.”

“Tena, mama. Umalize.”

Kabla hajamalizia, kitu cha kitandani kikasema kwa sauti ambayo haikuwa ya Fundi wala ya mtu yeyote, ndogo, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, na jambo ambalo Masikio hajalisahau ni kwamba haikuwa na hasira.

“Ulisema karibu. Kila siku ulisema karibu.”

“Nilisema,” mama akajibu huku akilia. “Nisamehe. Haikuwa yako. Nenda.”

Mshona Magodoro akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno. Skrini ya kulia ikazimika, ikawa kioo cheusi chenye vumbi. Mezani, binti alihesabu visanduku. Kilikuwa kimebaki kimoja.

Godoro walilitoa siku hiyohiyo, na kitanda, na ile skrini. Mshona Magodoro alikunywa maji, akakataa chakula, akaenda zake kwa kuwa alikuwa na kitanda cha watu wengine cha kumaliza. Kwa siku tatu mama na binti hawakusemeshana zaidi ya lililo lazima. Siku ya nne binti alileta kiti, akakiweka kando ya meza ya kazi, pale palipokuwa na kitanda.

“Anza na baiskeli,” akasema.

Masikio akavaa hedifoni kwa mazoea, akazivua, kwa kuwa safari hii sauti hazikuwa popote ila kichwani mwake. Akaandika. Aliandika mtaa, na saa, na rangi ya baiskeli. Aliandika kila alichosema Fundi na kila alichosema mtoto, yale ya usiniachie na yale ya sikuachii, mwongo wewe umeniachia, nimekuachia tangu pale kwenye nguzo, angalia nyuma uone. Aliandika kwamba Fundi alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamtoka, akaendelea kukimbia na kimoja. Ilimchukua mchana wote. Alipomaliza akachapisha kurasa zile mbili, akampa mwanawe.

Binti alizisoma akiwa amekunja goti lenye bandeji. Alitabasamu penye kiatu. Alipofika mwisho alirudia kutoka mwanzo, taratibu zaidi, kidole kikifuata mistari, kisha akazilaza kurasa mapajani na kuzinyoosha kwa viganja.

“Mama,” akasema kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za marehemu wa nyumba nyingine. “Huyu mtu ningempenda sana.”